Bahari Niliyokujengea Sebuleni

Maitu,

Sitakuuliza hali yako. Uko nyuma ya ukuta huu, umefunga mlango kwa ufunguo, na hali yako naijua kwa jinsi unavyovuta zipu ya begi. Hatujazungumza tangu Jumapili. Wewe unakula jikoni ukiwa umesimama, mimi nakula ofisini, na jana asubuhi tulipokutana koridoni ulinipisha kama mtu anavyompisha mpangaji mwenzake. Kwa hiyo naandika. Mimi ni karani; jambo likinishinda mdomoni hulipeleka kwenye karatasi.

Nakuita Maitu hata sasa, ingawa Jumapili uliniambia niache. Ulizaliwa msichana wa kwanza, ukapewa jina la mama yangu, Nyambura, na huku kwetu baba humwita mtoto kama huyo "Maitu", yaani mama. Wengine huliita jina hilo na kusahau. Mimi nililiamini kupita kiasi. Nilikupata nikiwa bado mwanafunzi wa chuo, naogopa kila kitu, na nafikiri tangu siku ile nilikuwa nangoja unishike mkono unipeleke mahali.

Mambo ya viatu, sabuni na mafuta ya ngozi, mke wa Baba Mkubwa Ndirangu amekuambia yote, na mama yako atakuambia tena kwa sauti ya juu zaidi ukishuka Mombasa. Nayaacha. Nataka kusema juu ya tangi.

Najua ukifika kwenye neno hilo utataka kuikunja barua. Usiikunje. Unajua jinsi mambo yalivyo: mkuu wa shule ya hapa Nyeri amekubali kukupokea, anaweza kukuhamisha kutoka ile ya Kilifi uliyoichagua, na anangoja jibu langu kabla basi lako halijaondoka kesho. Nafasi hiyo niliitafuta mwenyewe. Nilivaa tai, nikaketi kwenye benchi na wazazi wengine, nikaomba. Jumapili nilipokuambia, ulikuwa unamenya viazi, na hukuinua hata kichwa.

"Nihamishe," ulisema. "Nitaenda. Nitakaa darasani na nitapita mitihani. Lakini hutanisikia tena, Baba. Utakuwa na mwanafunzi nyumbani. Hutakuwa na mtoto."

Ukaendelea kumenya. Basi, barua hii inatoka kwa mtu ambaye bado ana uwezo wa kukuzuia, na anajua anao. Isome ukijua hivyo.

Nina hasira nawe. Ulichagua shule ya Pwani mbele ya mwalimu wako, mimi ninayeshinda mchana kutwa nikikagua karatasi za shule za watoto wa watu wengine nikaja kusikia habari zako kutoka kwa jirani dukani. Na nina hasira na mama yako, hasira ya zamani ambayo sijui tena kukaa bila yake. Hujaacha kuniuliza kwa nini aliondoka, na kila mara nilikujibu, "Kazi." Alipata kazi hotelini Kilifi, ni kweli. Lakini kabla ya kazi kulikuwa na simu zangu. Alipochelewa sokoni nilipiga. Alipokuwa kwa dada yake Karatina nilipiga, kisha nikampigia dada yake. Sikumtukana na sikumpiga. Nilimuuliza tu: uko wapi, uko na nani, unarudi lini. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi ya mtu mwangalifu. Siku aliyoondoka ulikuwa hujui kufunga kamba za viatu, na aliziinamia akazifunga zako kabla ya kufunga zake, halafu akaniambia mlangoni, "Gichuki, wewe si mtu mbaya. Unaogopa tu. Na mimi nimechoka kuwa kitu cha kuogopewa."

Nilimwambia, basi aende. Nilisema hivyo kwa kiburi, kwa kuwa wewe ulibaki.

Kisha ukaanza kwenda kwake likizo. Mara ya kwanza ulirudi na pua imebambuka kwa jua na maneno ambayo nyumba hii haikuwa nayo. Uliniambia jinsi maji yanavyotoka na kuacha mawe wazi, jinsi ulivyovaa miwani ya mpira ukatia uso majini. Ulisema, "Baba, kule chini kuna rangi ambazo Nyeri haina." Ulikuwa unasimulia tu. Mimi nilisikia maneno mawili ya mwisho. Nyeri haina. Usiku wa siku hiyo niliamua kwamba Nyeri itakuwa nazo.

Ulifurahi sana nilipokuambia tutajenga tangi la samaki. Kumbuka hilo kabla hujanihukumu kwa yaliyofuata. Wewe ndiye uliyesoma jinsi ya kujenga, wewe ndiye uliyemwambia fundi wa vioo wa pale mjini kwamba kioo chake cha madirisha kitapasuka kama biskuti. Ulitaka tangi la kiasi, la kukaa kwenye meza imara. Mimi nikasema hapana, tufanye kubwa, lichukue ukuta mzima. Tukabomoa ukuta uliotenga sebule na chumba alichokuwa akilala mama yangu. Tukang'oa mbao za sakafu kwa sababu zisingebeba uzito ule, tukachimba, tukamwaga zege.

Ndirangu alitukuta siku ya zege. Alikuwa ametoka Mukurweini na mitungi ya maziwa, akasimama mlangoni na mabuti yake.

"Karani, hii ni kaburi ama ni nini?"

"Ni ya tangi la samaki."

"Samaki gani anataka nyumba kubwa kuliko ya ng'ombe zangu?"

"Wa baharini," wewe ukamjibu.

Aliketi kwenye mkono wa kochi, akacheka mpaka akavua kofia. "Ati wa baharini. Maji ya chumvi, hapa Kamakwa, mahali sisi wenyewe tunalala na soksi."

"Tutaweka hita, Baba Mkubwa."

"Hita ya samaki." Akanigeukia. "Mama yetu alikufa kwa hiki chumba na hakuwahi kuona hita. Sasa mwenye jina lake anaitishia samaki."

Nilitaka kumfukuza, lakini ni kaka yangu mkubwa na ndiye aliyetukopesha toroli.

Unakumbuka tulivyolijaza maji matupu kwanza, ya mvua, kutoka kwenye pipa jeusi la nje, ili tuone kama litavuja, na kona moja ikaanza kutoa jasho? Mimi nilisema ni unyevu wa ukungu. Ulipitisha kidole, ukanionyesha. Tukalimwaga lote, fundi akakwangua gundi akapaka upya, akitukasirikia sisi kwa kosa lake. Kisha ndipo ikaja chumvi ya bahari kutoka Nairobi, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo, na ukaikoroga ndani ya pipa kwa ule mwiko mrefu tunaopikia uji wakati wa matanga. Kila baada ya muda ulitumbukiza kile kipima chumvi cha kioo, ukachuchumaa uone kinaelea mpaka wapi. Ulikipigia mstari mwekundu ili hata mimi nisikosee.

Baadaye ukasema tungoje. Maji lazima yaive, ulisema, yakae na mawe ya matumbawe bila samaki, mpaka vile viumbe vidogo visivyoonekana vizaliane na kuwa na nguvu ya kula uchafu. Majirani walikuja kuona bahari wakaona mawe. Ndirangu aliwaambia watu kanisani kwamba mdogo wake ameanza kufuga mawe na yanaendelea vizuri, hayajaugua. Nilikusihi tununue samaki angalau mmoja, kwa sababu ya aibu. Ukakataa wiki baada ya wiki. Ulikuwa mtoto, na ulikuwa na subira ambayo haikutoka kwangu wala kwa mama yako. Nilikuonea wivu kidogo. Sijui kama baba huruhusiwa.

Siku ya samaki kuja, gari lilikwama Murang'a kwa mvua, ukazunguka lango ukiuma kola ya sweta. Tuliiacha mifuko yao ielee majini ipate joto moja. Ulikuwa umeniandikia majina lakini nilikuwa nawaita kwa sura: wa manjano aliye bapa kama sahani, wale wawili wenye mistari myeupe, kamba wa kusafisha wenzake, konokono, na yule mwenye mikono mitano ambaye jina lake ulilitoa Kilifi, kiti cha pweza. Na yule mdogo wa buluu iliyokolea, mgomvi, aliyeuma kila kidole kilichoingia na kuwafukuza wakubwa wake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ulimwita Chifu. Nilikuambia si heshima. Ukasema, "Mwangalie vizuri, Baba."

Sasa nikuambie jambo ambalo mpaka mwaka huu sikuwa nimejiambia mwenyewe.

Ile Jumamosi stima ilipopotea mchana, ulikuwa umevaa uende kwa rafiki yako Karatina. Pampu zikanyamaza. Ulivua koti bila neno, ukachukua jagi, nami nikachukua jingine, tukachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, tukapokezana mpaka jioni, mikono ikafa ganzi. Ulinifundisha wimbo wa shuleni kwenu nikauimba vibaya. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoziishi katika nyumba hii. Na stima iliporudi nilihuzunika. Nilihuzunika, Nyambura, kwa sababu ungeweza tena kwenda Karatina.

Baada ya hapo nikaanza kulitumia tangi. Mama yako alipokualika Pasaka nilisema, "Na maji atapima nani?" Shule ilipopanga safari ya Nanyuki nilisema, "Chifu atakula nini, mimi nikichelewa ofisini?" Nilisema kwa upole. Nina sauti ya ofisini, inayoomba radhi hata inapokataa. Na wewe ulibaki, mara ya kwanza, na ya pili. Tangi dogo mtu humwachia jirani, akamwagia chakula akaenda zake. Kubwa kama lile halimwachi mtu aende. Hiyo ndiyo sababu nililitaka kubwa. Si kwamba nilikaa nikapanga hivyo kama mwizi. Lakini ulipotaka la mezani, kuna kitu ndani yangu kilisema upesi sana: hapana.

Agosti ulikwenda kwa mama yako. Hukuomba, ulinijulisha. Uliniachia maelezo mafupi: maji yakipungua niongeze maji matupu tu, kwani chumvi haipai hewani, inabaki. Nikafanya hivyo vizuri. Kisha bomba la pampu likapasuka nikiwa kazini, nikarudi nikakuta zulia linaelea na tangi limeshuka sana. Maji mapya yalitaka chumvi mpya, na ile ya Nairobi ikachelewa. Na wewe ulikuwa unarudi. Nilikuwa nimeota jinsi utakavyoingia mlangoni ulikute linang'aa, limejaa, useme hakuna mahali pengine.

Ndirangu akaja na maziwa. Nikamweleza.

"Si chumvi ndiyo unataka?" akasema. "Niko na gunia nzima ya ng'ombe kwa gari."

"Si sawa na ya bahari."

"Chumvi ni chumvi, Karani. Hiyo iko na madini yote. Soma hapo nyuma, wewe ndiye umesoma."

Nikasoma. Usidhani sikusoma. Palikuwa na zinki, kobalti, na palikuwa na shaba. Nikaliona neno shaba na likanituliza. Wewe umelelewa mjini, nyasi na maziwa umeviona kwa Baba Mkubwa siku za sikukuu tu. Mimi nimekulia kwenye zizi. Kwetu ndama akipauka manyoya, mzee husema amekosa shaba, anaongezewa chumvi hiyo ya madini, na baada ya muda anang'aa. Madini ni afya. Kitu chochote kinachopumua kikidhoofika, kiongezewe madini. Nikafikiri wale samaki watakolea rangi kabla hujafika. Nikaikoroga kwa mwiko ule ule. Kipima kikaelea penye mstari wako mwekundu, sawasawa kabisa. Nikajipongeza.

Konokono ndio walioanza kudondoka kutoka kwenye kioo. Kamba wakalala ubavu. Kiti cha pweza akajikunja ncha, kisha mkono mmoja ukamlegea ukabaki juu ya jiwe peke yake. Nikakupigia simu. Na hapa ndipo nilipokuwa mbaya zaidi kuliko kwenye chumvi. Sikukuuliza nifanye nini. Nilikuambia, "Rudi, wanakufa." Ukakatiza likizo, mama yako akilia nyuma yako kwenye simu, na mimi nilipoikata nilikuwa nimepata nilichotaka.

Uliingia na begi mgongoni. Ndirangu alikuwepo, ameketi kama mtu aliyekuja kwenye msiba.

"Uliweka nini?"

Nikakuonyesha gunia. Ukaligeuza, ukasoma kwa kidole.

"Baba, kuna shaba hapa."

"Ni madini, Maitu. Kiasi kidogo."

"Wasio na mifupa inawaua. Kidogo hivyo hivyo. Konokono, kamba, wote."

"Lakini ng'ombe wanalamba kila siku," Ndirangu akasema, taratibu, kwa sababu na yeye alikuwa ameanza kuogopa. "Na maziwa tunakunywa."

"Ng'ombe analamba, Baba Mkubwa. Hapumui ndani yake."

Hakuna aliyecheka. Ukaingiza mkono mpaka begani, ukautoa ule mkono wa kiti cha pweza ukauweka kwenye sahani. Halafu ukaniangalia, na nikaona kwamba hukuwa unafikiria chumvi kabisa.

"Wewe hukuwa unafuga samaki," ulisema. "Ulikuwa unanifuga mimi."

Ningenyamaza. Mtu mzima angenyamaza. Lakini uliligusa lile jambo mahali penyewe, tena mbele ya kaka yangu, nikakurushia kitu cha kwanza kilichokuwa karibu: "Basi nenda kwa mama yako. Yeye ndiye bingwa wa kuacha vitu." Niliona ukilipokea neno hilo. Hukulia. Ulikausha mkono kwa sweta yako, ukaenda kuoga. Na muda wa kuchagua shule ulipofika, ulifanya nilivyokuambia.

Kwa hiyo ukiniuliza hasira yangu yote hii ni ya nini, jibu ni kwamba umenitii.

Ulijaribu kuliokoa tangi, siwezi kukunyima hilo. Ulibadilisha maji yote. Ukaleta konokono wachache, wakafa. Ukabadilisha tena, wakafa tena, ndipo ukanieleza, kwa sauti kavu kama ya mwalimu, kwamba mawe yale yamekunywa shaba na yatakuwa yakiitema kidogo kidogo hata maji yawe mapya namna gani. Yanaonekana safi, ulisema, na hakuna asiye na mifupa atakayeishi hapo. Samaki waliobaki ukampa mwenye hoteli mmoja Nanyuki, ukawafunga mwenyewe kwenye mifuko. Chifu hakukubali kushikwa. Alikuuma, akaingia chini ya jiwe, ukamwacha. Nimebaki naye. Jioni narudi kazini, namwaga chakula, anaruka kukiuma kidole changu, namtukana. Hatupendani, lakini angalau hatujifanyi.

Nimefikiri nikupe nini cha kuondoka nacho, kwa kuwa mzazi hutarajiwa kutoa kitu. Mama yangu alinipa Biblia na sufuria. Sina busara iliyokamilika. Nina machache niliyoyajua kwa kuyaharibu kwanza.

Utampata mtu, huko au kwingine, atakayekujengea kitu kikubwa. Huenda kikawa kizuri. Furahi, usiogope zawadi kwa sababu yangu. Lakini muulize ni nani atakayelazimika kubaki nyumbani kukitunza. Akijibu kwa upole mwingi, muulize tena.

Mtu anayekuambia anaogopa kwa ajili yako, mara nyingi anaogopa kwa ajili yake. Mimi nilizungumza juu ya barabara, malaria, joto, wavulana, mafuriko ya Pwani. Yote yapo. Lakini sikuwahi kuamka usiku nikiwaza malaria. Nilichokiwaza ni mlango huu ukiwa hauna mtu wa kuufungua isipokuwa mimi.

Na wewe hofu hiyo unayo. Usikatae. Nimekuona ukipima maji mara mbili, halafu ukirudi kuyapima ukidhani nimelala. Kwako bado ni uangalifu, ni kitu kizuri, ndicho kilichofanya kona ile isivuje. Kwangu pia kilianza hivyo. Sijui kinageukia wapi. Ningejua, nisingekuwa naandika barua. Najua tu kwamba siku utakayoanza kuwapima watu kama maji, ni vizuri utoke nje ukatembee.

Kuhusu mama yako sitasema maneno mazuri. Usiyangoje. Aliniacha na mtoto na jiko lisilowaka, akaja kurudi kwa simu na zawadi. Lakini nitasema la kweli, kwa kuwa haki yake ni haki yake: katika miaka yote hii hakuwahi kukuambia ubaki. Kila likizo ilipoisha alikupandisha basi mwenyewe, ukarudi kwangu. Nilidhani ni kwa sababu hakutaki. Nimelifikiria hilo wiki hii kuliko nilivyotaka.

Sasa ile nafasi.

Leo nilipotoka kazini sikuingia ndani moja kwa moja. Nilisimama kwenye veranda na simu, na uliniona, kwa sababu pazia lilisogea. Nilimpigia mkuu wa shule.

"Ah, Karani," akasema. "Nilikuwa nakuwaza. Kesho tunamwandikisha?"

"Hapana, Mwalimu. Mpe mwingine."

"Msichana amekataa?"

"Yeye alikubali. Mimi ndiye nimekataa."

"Kuna shida nyumbani?"

"Ipo. Lakini si ya shule."

"Uelewe kitu kimoja. Nikiipeana saa hii, usikuje Februari unilie hapa ofisini."

"Nitakuja kulia," nikamwambia. "Usinifungulie."

Akacheka, akadhani ni utani. Nikakata simu, nikangoja nijisikie muungwana. Sikujisikia hivyo. Nilijisikia kama mtu aliyeibiwa, na ni yeye aliyemshikia mwizi tochi. Bado najisikia hivyo ninapoandika. Usije ukafikiri nimebadilika jioni moja nikawa baba wa kwenye vitabu; kama yule mwalimu angepiga simu sasa aseme nafasi bado iko wazi, sijui ningejibu nini. Ndiyo maana nimezima simu.

Kesho Ndirangu atakupeleka. Nimemwomba aje mapema, na nimemwomba asitaje ng'ombe. Mimi nitakwenda ofisini. Sitakuja kituoni, na nataka ujue kwa nini, ili usije ukajitungia sababu nyingine barabarani. Nikija nitapata kisingizio. Najijua. Nitasema begi ni zito, mvua ya Murang'a imeanza, ungengoja Jumatatu. Nitasema kwa ile sauti ya upole, nawe utasita, kwa sababu una moyo, na mimi nitaona umesita.

Aprili shule zikifungwa, ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, usije, sitanunua kitu cha kukurudisha, wala sitakupigia simu kukuambia kuna anayekufa. Nitakapokuwa mgonjwa kweli utaambiwa na Ndirangu, ambaye hajui kusema uongo mrefu.

Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako na kuondoka kabla hujaamka. Usinifuate langoni. Ukinikosa asubuhi, usidhani ni chuki. Au dhani ni chuki, kama itakusaidia kupanda basi.

Baba yako,
Gichuki